MS au Thairoidi? Mwongozo wa Kutenganisha Dalili Zinazofanana

Maswali ni yaleyale. "Dada, nimeambiwa nina MS lakini TSH yangu iko juu, labda si MS?" "Mama ana goita na miguu inakufa ganzi, je, goita imefika kwenye mishipa ya fahamu?" "Nikianza vidonge vya thairoidi, ganzi itaondoka?" Nimeyajibu moja moja kwa simu mpaka nimeona bora niandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, atakayeuliza tena nimpe hii.

Mimi si daktari. Ni dada mtu. Huu ni mwaka wa tisa namsindikiza mdogo wangu kliniki ya neva, na mwaka wa tano wa safari hiyo akakutwa pia na tezi ya thairoidi iliyolegea, yaani isiyofanya kazi ya kutosha. Kwa karibu miezi minane kabla ya hapo, kila kilichomsumbua alibebeshwa MS, ule ugonjwa wake wa neva. Uchovu, MS. Kusahau, MS. Choo kigumu, MS. Ilikuwa imebaki kidogo abadilishiwe dawa, kumbe kilichohitajika ni kipimo kimoja cha damu, hiki kinachoitwa TSH, ambacho hakihitaji mashine ya ajabu wala safari ya nje ya nchi. MS ni ya kudumu na dawa zake ni ghali. Tezi iliyolegea inatulizwa kwa kidonge kimoja kwa siku. Inaniuma sana mtu anapoteseka kwa kile chenye dawa rahisi kwa sababu tu jina la kile kikubwa limeshaandikwa juu ya faili.

Machache ya kujua kabla ya kuanza

MS, kwa kirefu maltipo sklerosisi, ni hali ambapo kinga ya mwili inashambulia mielini, yaani lile ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho. Tezi ya thairoidi ni ile yenye umbo la kipepeo mbele ya koo. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende kasi gani. Tezi ikilegea kila kitu kinapungua mwendo. Ikichachamaa kila kitu kinakimbia. Ukosefu wa madini joto ni sababu moja ya kuharibika kwake, lakini mara nyingi mkosaji ni kinga ya mwili tena: Hashimoto, ugonjwa ulioelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, huilegeza, Graves huichachamaza.

Kwa hiyo swali la kwanza lina jibu fupi. Tezi mbovu haileti MS, wala MS haiharibu tezi. Ila mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na si jambo la ajabu. Yote mawili huwapata wanawake zaidi, na miongoni mwa magonjwa ya kinga yanayokutwa kwa watu wenye MS, la tezi ni mojawapo ya yanayoonekana mara nyingi. Isitoshe, baadhi ya dawa za MS zenyewe huivuruga tezi. Nitafika huko.

Andaa hivi kwanza

- Daftari moja, la mambo haya tu.
- Kipimajoto, na saa yenye mshale wa sekunde au simu, kwa ajili ya kuhesabu mapigo ya moyo.
- Karatasi zote za zamani za maabara. Usilete namba ulizozikariri. Leta karatasi yenyewe, maana kila maabara huandika pembeni kiwango chake cha kawaida.
- Majibu ya MRI, ile picha ya ndani ya ubongo na uti wa mgongo: maandishi na CD yake kama ulipewa.
- Orodha ya kila unachomeza. Nasema kila: dawa za hospitali, vidonge vya nywele na kucha, vitamini, chumvi za kupunguza uzito, mitishamba, vidonge vya uzazi wa mpango.
- Historia ya ukoo. Nani alikuwa na goita, nani alifanyiwa upasuaji wa shingo, nani ana kisukari cha utotoni, nani ana mabaka meupe ya ngozi. Waulize shangazi na bibi. Wao ndio wanaokumbuka.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Kuna hali ambazo hazisubiri daftari. Nenda hospitali leo, si kesho, ukiona lolote kati ya haya: jicho linapoteza nuru ndani ya saa au siku chache, miguu yote miwili inaishiwa nguvu, mkojo umeziba au sehemu za siri zimekufa ganzi, moyo unakwenda mbio kupita kiasi pamoja na homa na kuchanganyikiwa, au mtu mwenye tezi iliyolegea anasinzia asiamke vizuri huku mwili ukiwa wa baridi. Uso ukipinda au mkono wa upande mmoja ukianguka ghafla, ndani ya dakika, hiyo ichukuliwe kuwa ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo.

Hatua ya 2: Andika kwa wiki mbili

Kila siku, mistari mitano inatosha. Mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani. Joto la mwili. Saa uchovu ulipoanza. Choo umepata au hukupata. Dalili mpya: iko wapi, upande gani, ilianza vipi, imedumu kwa muda gani.

Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Shambulio la MS huja kwa saa au siku, hudumu zaidi ya saa 24, mara nyingi wiki, na huchagua mahali: mguu huu, jicho lile, mkanda wa kifua. Tezi hainyakui namna hiyo. Inanyemelea kwa wiki na miezi, na inakamata mwili mzima. Ukimuuliza mwenye tezi iliyolegea ilianza lini, atakwambia "sijui, labda tangu Idi". Mwenye shambulio la MS mara nyingi anaijua siku.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika "nimechoka sana" kila siku kwa wiki mbili. Daktari hawezi kufanya lolote na maneno hayo. Andika: "Saa nane mchana nilishindwa kuinua sufuria, nililala saa moja, nikaamka vilevile."

Hatua ya 3: Tenganisha dalili, moja baada ya nyingine

Chukua daftari lako ulilinganishe na haya. Hupewi hapa uwezo wa kujitibu. Unapewa lugha ya kuzungumza na daktari.

*Ganzi.* Tezi iliyolegea huvimbisha nyama zinazobana neva ya kiganja. Ganzi yake hukaa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, huzidi usiku, na mtu huamka akikung'uta mkono kama anakausha maji. Ganzi ya MS haifuati ramani hiyo: inaweza kushika nusu ya uso, mguu mzima, au kuanzia nyayo ikapanda hadi kiunoni. Ipo pia hisia ya mkanda unaobana kifua. Na ipo ile ambayo mdogo wangu alinieleza mara ya kwanza nikadhani anatania: akiinamisha shingo, kitu kama umeme kinateremka mgongoni. Hiyo iandike kwa herufi kubwa. Tezi haifanyi hivyo.

*Macho.* MS inaposhika neva ya jicho, jicho moja huona ukungu, huuma unapoligeuza, na rangi nyekundu hufifia. Jaribu nyumbani: shika kitu chekundu, kifuniko cha chupa kinafaa, ukitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Ugonjwa wa Graves hutokeza macho nje, kope hurudi nyuma mtu akaonekana kama aliyeshtuka, macho huwa kama yana mchanga. Kuona viwili viwili hutokea kwenye yote mawili, kwa hiyo hilo peke yake lisikuamulie.

*Joto na baridi.* Mwenye tezi iliyolegea huvaa sweta Dar es Salaam mwezi wa pili. Mwenye tezi iliyochachamaa hawezi kulala bila feni. Mwenye MS yuko tofauti kidogo: joto halimkeri tu, linamrudishia dalili za zamani. Akioga maji ya moto au akitembea juani, mguu unaanza kuburuta, na akipoa unarudi. Shida kubwa ni mtu mwenye MS ambaye tezi yake imechachamaa. Mwili wake unajipasha wenyewe, na dalili za zamani zinafufuka akadhani ni shambulio jipya.

*Uchovu.* Huu ndio mtego. Uchovu wa MS mara nyingi huzidi mchana na joto linapopanda. Wa tezi iliyolegea unaamka nao. Lakini mtu mwenye vyote anakuwa na vyote, na hapo hakuna ujanja isipokuwa kupima.

*Ishara za pembeni.* Sauti kukwaruza, ngozi kukauka kama imepakwa majivu, nyusi kupungua nje, hedhi kuwa nzito, uzito kupanda bila kula zaidi, mapigo kuwa chini: haya yanaelekeza kwenye tezi iliyolegea. Mikono kutetemeka, kukonda huku unakula, kuharisha, moyo kudunda usiku: tezi iliyochachamaa. MS haikaushi ngozi wala haibadilishi sauti kuwa nzito kwa namna hiyo. Kwa mdogo wangu, aliyeiona tezi hakuwa bingwa. Alikuwa muuguzi aliyemshika mkono kupima presha, akasema, "Mwanangu, mbona ngozi yako imekuwa hivi, na mapigo hamsini na nne?"

Hatua ya 4: Omba vipimo vinavyofaa

Mwambie daktari wazi: "Naomba tupime tezi kabla hatujasema ni MS," au kama tayari una MS, "kabla hatujasema MS imezidi." Vipimo ni hivi:

1. TSH (homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi) pamoja na T4 huru (homoni ya tezi yenyewe). TSH peke yake inatosha kuanzia kwa watu wengi, lakini mwenye dalili za neva aombe vyote viwili kwa damu ileile.
2. Kingamwili za TPO, kama TSH si ya kawaida. Zikiwepo, zinaashiria kwamba kinga ndiyo inayoshambulia tezi.
3. Vitamini B12 na wingi wa damu.

Usiruke hicho cha tatu. Watu wenye Hashimoto wana uwezekano zaidi wa kuwa na ugonjwa wa kinga unaozuia tumbo kunyonya B12, na upungufu wa B12 huharibu uti wa mgongo: ganzi za miguu, kuyumba gizani, kusahau. Unafanana na MS kiasi cha kumdanganya hata mzoefu. Ukitibiwa mapema mtu hupata nafuu kubwa. Ukicheleweshwa, madhara hubaki. Na usijitibu kwa vidonge vya foliki (asidi ya foliki) peke yake, maana foliki huirekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika chinichini. Kwa mazingira yetu daktari ataongeza pia kipimo cha VVU na cha kaswende. Usikasirike, ni sehemu ya kazi yake.

Kuhusu MRI: hakuna kipimo cha thairoidi kinachoweza kuthibitisha wala kufuta MS. MS huamuliwa kwa historia, uchunguzi wa daktari wa neva na picha za MRI, wakati mwingine na maji ya uti wa mgongo. Kwa hiyo TSH ikiwa juu na MRI ina makovu ya MS, una vyote viwili. Kimoja hakifuti kingine.

Hatua ya 5: Jiandae kabla ya kutolewa damu

Hatua hii watu huiruka, na hapa ndipo majibu ya uongo yanapozaliwa. Nitakaa hapa kidogo.

Bayotini, yaani vitamini B7, imo kwenye vidonge vingi vya nywele na kucha. Mwili unahitaji takribani mikrogramu 30 kwa siku. Kidonge cha urembo kinaweza kuwa na 5,000 au 10,000. Mashine nyingi za maabara hutumia bayotini kama gundi ndani ya kipimo chenyewe. Damu ikijaa bayotini, mashine inadanganyika: TSH inasomeka chini kuliko ilivyo, T4 juu kuliko ilivyo. Yaani karatasi inasema una tezi iliyochachamaa wakati huna.

Yalitupata. Karatasi ilikuja na TSH ya 0.03 na T4 iliyopanda, tukaambiwa dozi ya kidonge imezidi, ipunguzwe. Lakini mdogo wangu alikuwa amejifunika khanga mbili, anasikia baridi, mapigo 58. Daftari lilikataa kukubaliana na karatasi. Tukarudi kwenye orodha ya dawa na kukuta vidonge vya nywele alivyoletewa na rafiki, bayotini mikrogramu 10,000. Aliviacha, tukarudia kipimo, TSH ikasoma ya kawaida. Dozi haikuguswa.

Wenye MS wana sababu ya ziada ya kuwa macho. Kuna kipindi bayotini ya dozi kubwa mno, miligramu 300 kwa siku, ilijaribiwa kwa MS inayosonga mbele. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2020 halikuonyesha faida, lakini bado wapo wanaoinunua. Kwa vidonge vya urembo, acha angalau siku 2 kabla ya kipimo. Kwa dozi za miligramu mamia, muulize daktari, maana siku 2 hazitoshi. Vyovyote vile, mwambie mtu wa maabara.

Mengine ni mafupi:

- Usipime tezi ukiwa kwenye steroidi za mshipani (zile za kutuliza shambulio la MS) au zimekwisha juzi. Zinaishusha TSH. Kama si haraka, subiri wiki kadhaa.
- Usipime ukiwa mgonjwa sana, una malaria kali au umelazwa, isipokuwa daktari ana sababu. Mwili mgonjwa huchezea namba hizi.
- Kama umepigwa picha ya CT yenye dawa ya mshipani hivi karibuni, sema. Dawa hiyo ina madini joto mengi na inaweza kuivuruga tezi. Dawa ya MRI ni nyingine. Haina madini joto.
- Pima asubuhi, na kama tayari unameza kidonge cha tezi, toa damu kwanza ndipo umeze.

Hatua ya 6: Isome karatasi

TSH inatoka kwenye tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, haitoki kwenye thairoidi. Ifikirie kama sauti ya mama akimwita mtoto: mtoto asipoitika, sauti inapanda. Ndiyo maana TSH ya juu maana yake tezi imelegea. Hili linawachanganya watu wengi sana. Wanaona namba imepanda wanadhani tezi imezidi.

Maabara nyingi huweka kawaida kati ya takribani 0.4 na 4.0. TSH juu na T4 huru chini: tezi imelegea kweli, tiba inahitajika. TSH chini na T4 juu: imechachamaa, au bayotini, au dozi imezidi. TSH na T4 zote chini: usiondoke bila kuuliza, maana tatizo linaweza kuwa kwenye hiyo tezi ndogo ya chini ya ubongo au ni mabaki ya steroidi.

Kisha kuna ile inayozaa simu nyingi: TSH kati ya 4 na 10, T4 ya kawaida. Nakuomba usiibebeshe mzigo mkubwa. TSH ya 6 haielezi mguu unaoburuta wala jicho lililopoteza nuru. Mara nyingi daktari atasema turudie baada ya miezi miwili au mitatu tuangalie na kingamwili. Nimewaona watu wawili walioshikilia TSH ya 6 kama jibu la kila kitu, wakachelewa kwenda kwa daktari wa neva karibu mwaka mzima. Kosa hili ni kubwa kama lile la kuibebesha MS kila kitu, limegeuzwa tu kichwa chini.

Hatua ya 7: Kama umepewa levothairoksini, imeze ipasavyo

Hiki ndicho kidonge cha homoni ya tezi. Asubuhi, tumbo tupu, kwa maji matupu. Kisha subiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Najua chai ya maziwa ndiyo asubuhi yenyewe kwa wengi wetu, lakini maziwa na kahawa hupunguza dawa inayoingia mwilini. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vikae mbali kwa saa 4. Hapo wenye MS huanguka sana, kwa sababu wengi wamepewa kalsiamu na vitamini D ya kulinda mifupa, na wanavimeza vyote kwa pamoja kwa mkupuo mmoja.

Mwezi wa Ramadhani, unaweza kukimeza ukiamka kwa daku, ukasubiri nusu saa ndipo ule; au usiku, zikipita saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho. Chagua moja uishikilie mwezi mzima, na mwambie daktari umechagua ipi.

Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, ataanzishwa dozi ndogo. Usiilinganishe na ya jirani. Na mwanamke akijua amepata mimba asisubiri siku ya kliniki; dozi huhitaji kupandishwa mapema, na kuiacha ni hatari kwa mtoto.

Onyo: usinunue kidonge hiki dukani ili "kuamsha mwili" wakati tezi yako ni nzima. Homoni ya tezi ina kazi katika kutengeneza mielini, na wanasayansi wanalichunguza hilo, lakini kuchunguzwa si sawa na kuwa tiba. Ikizidi, inakimbiza moyo na kula mifupa, na mwenye MS aliyewahi kupewa steroidi mara nyingi mifupa yake tayari ina deni.

Hatua ya 8: Kama una MS, panga kalenda ya tezi kulingana na dawa yako

Interferoni beta, dawa ya MS ya sindano: pima tezi kabla ya kuanza, kisha mara kwa mara kama daktari atakavyopanga, zaidi ukiwa na historia ya tezi.

Alemtuzumabu, dawa nyingine ya MS, ni habari nyingine. Karibu mtu 1 kati ya 3 waliopewa dawa hii hupata ugonjwa wa tezi katika miaka inayofuata, hasa Graves. Ndiyo maana hupimwa kabla, kisha kila miezi 3 mpaka miezi 48 baada ya dozi ya mwisho. Ndugu zetu wa Ulaya na Ghuba ndio hukutana nayo zaidi. Tatizo ni pale mtu anapohama: alipewa dozi Uingereza, akarudi Mombasa mwaka wa pili, na kalenda ikabaki kule. Kama ni wewe, andika tarehe ya dozi ya mwisho kwenye jalada la daftari, uhesabu miezi 48, ujipeleke maabara hata kama hakuna aliyekuita.

Hatua ya 9: Subiri, rudia, ndipo uamue

TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 tangu kuanza au kubadilisha dozi. Mapema zaidi ya hapo namba haijatulia. Katika kipindi hicho usiguse dawa za MS kwa uamuzi wako.

TSH ikishakaa sawa, fungua daftari uweke alama tatu: kilichoondoka, kilichopungua, kilichobaki. Kwa mdogo wangu, choo kigumu kiliondoka, sauti ikarudi, usahaulifu ukapungua kwa zaidi ya nusu. Ganzi ya mguu wa kushoto ilibaki palepale. Nusu ya uchovu pia. Hicho kilichobaki ndicho tulichokipeleka kwa daktari wa neva, na safari ile mazungumzo yalikuwa tofauti kabisa, kwa sababu tulijua tunazungumzia nini.

Mambo yakienda kombo

*TSH imekaa sawa miezi mitatu, bado nimechoka.* Angalia B12, damu, usingizi na huzuni ya muda mrefu. Angalia pia dawa za kulegeza misuli, nyingi husinzisha. Baada ya hapo ndipo uchovu uitwe wa MS.

*TSH inapanda na kushuka bila sababu.* Karibu kila mara ni umezaji. Chai, kalsiamu, chuma, dawa za vidonda vya tumbo kama omeprazo, kusahau siku za wikendi, au kubadilishiwa aina ya kidonge duka la dawa. Weka pia vidonge mbali na jua na jiko.

*Nimeanza kidonge, moyo unadunda na dalili za MS zimerudi.* Pima mapigo na joto, nenda kliniki. Dozi inaweza kuwa imezidi. Lakini pima na mkojo: maambukizi ya mkojo huamsha dalili za zamani za MS kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

*Nimeambiwa ninywe madini joto au mwani wa bahari.* Hapana, bila daktari. Chumvi ya kawaida yenye madini joto inatosha. Yakizidi yanaweza kuichachamaza tezi au kuilegeza.

*Natoka sehemu za muhogo mchungu, nina goita na miguu imekakamaa.* Mwambie daktari hilo kabla ya mengine yote. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hutoa sumu ambayo kwa upande mmoja huizuia tezi kupata madini joto, na kwa upande mwingine huleta konzo, kupooza kwa miguu yote miwili kwa ghafla. Kongo inajulikana sana kwa ugonjwa huo. Tarime nako ulizuka mwaka 1985 wakati wa ukame. Konzo haiji ikaondoka kama MS, haishambulii jicho hili leo na mguu ule mwakani, na tiba yake si dawa za MS.

*Daktari wa neva ananipeleka kwa wa homoni, wa homoni ananirudisha kwa wa neva.* Tengeneza karatasi moja: juu, magonjwa na mwaka kila moja lilipogundulika, katikati, dawa na dozi na saa za kumeza, chini, TSH na T4 nne za mwisho na tarehe zake. Toa nakala tatu. Moja ikae faili la neva, moja faili la tezi, ya tatu abaki nayo mtu unayelala naye nyumba moja, anayejua ilipo hata usiku wa manane.